Alama ya Durorike

Ibadan, 6 Februari 1994

Baba yangu,

Nimepiga magoti kukuamkia. Mama nimempigia, na Bibi nimempigia mpaka paji la uso limegusa sakafu, maana najua nisipofanya hivyo atasema chuo kimenifanya jeuri.

Unga wa muhogo umefika. Mafuta ya mawese yalimwagikia shati la Bashiru dereva, kwa hiyo akikuletea barua hii amenuna, usimuulize.

Biokemia imenikaa kooni mwaka huu. Wiki hii tulipimana damu wenyewe kwa wenyewe. Unamtoboa mwenzio kidole, tone lake unaliweka kwenye karatasi, karatasi inaloweshwa kwenye maji ya dawa yanayopitishwa umeme, kisha damu inaanza kutembea. Umeme ulikatika mara mbili tukaanza upya. Nkechi, ninayelala naye chumba kimoja, ndiye aliyenitoboa. "Lete mkono," akasema. "Ah, huu una vidole vinne na nusu, nitoboe wapi?" Tukacheka wote.

Damu yangu ilitoka mistari miwili, Baba. Mmoja umekwenda mbele kama damu ya watu wengine. Wa pili umebaki nyuma, kama mtu anayeburuta mguu. Huo wa nyuma ni wa seli mundu. Ukiwa nao nusu, kama mimi, unaishi bila kujua. Mtoto akiupata kwa baba na kwa mama, analia mifupa, vidole vinamvimba kama ndizi, na wengi huku kwetu hawafiki miaka mitano.

Nikakumbuka hapo hapo. Mama aliwahi kuniambia ni nani aliyekuwa akivimba vidole nyumbani kwetu. Ni Durorike.

Nyinyi mmeniambia tangu sijajua kuongea: Durorike alikuwa wa tatu kuzaliwa na kufa, mtoto yule yule wa kwenda na kurudi, anayeitwa na wenzake wa kuzimuni. Alipokufa ukamkata ncha ya kidole kidogo cha kushoto kabla hajazikwa, ili akirudi tumjue. Nikaja mimi, nimepungukiwa palepale. Ndiyo maana nikaitwa Malomo, Usiende Tena. Mimi ndiye Durorike.

Sasa Profesa Iyamu amefundisha kwamba kinachokatwa mwilini hakiingii kwenye vinasaba. Ukate mikia ya panya vizazi mia, wajukuu watazaliwa na mikia yao.

Mmoja wenu amekosea, Baba. Niambie amekosea Profesa.

Binti yako,
Malomo


Iwo, 13 Februari 1994

Malomo,

Inuka, mwanangu.

Mkanda wa mashine ya kusagia ulikatika siku ya soko, wanawake wakanizunguka na mabakuli ya pilipili wakinitukana mpaka jasho likanitoka. Sasa umetengenezwa. Mama yako hajambo.

Bibi nilimsomea barua yako, ile sehemu ya vidole. Akasema, "Mwambie huyo mtoro asome, aache kuhesabu vidole. Wenzake wamempa ruhusa ya kukaa duniani, hawakumpa ya kuuliza maswali." Unamjua mwenyewe.

Mimi niliishia darasa la sita, siwezi kubishana na Profesa. Ni mtu mkubwa. Lakini hakuzaliwa Iwo. Kuna mambo ya kwenye vitabu na kuna mambo ya Mungu, na yakikutana njiani hayasalimiani. Wewe waandikie wanachotaka, upite mtihani, urudi nyumbani daktari.

Nguo ya mama yako ya bluu ameikata, anakushonea.

Baba yako,
Adigun Oyekanmi


Ibadan, 6 Machi 1994

Baba yangu,

Nimepiga magoti, na ninaomba usimsomee mtu barua hii.

Nimefeli mtihani wa mdomo. Wa kuandika nilipata, nikaanguka mbele ya watu.

Walikuwa wawili, Profesa Iyamu na daktari mmoja mzee mgeni. Profesa akaanza na swali jepesi kunipa moyo. "Mkulima akikatwa kidole na panga, mwanawe atazaliwa na vidole vingapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Hata mtoto wa shule ya Jumapili analo. Lakini mkono wangu nilikuwa nimeukalia, nikausikia unapiga kama moyo. Nikasema, "Inategemea, Profesa."

"Inategemea nini?"

"Inategemea ni nani aliyemkata."

Yule mzee akaweka kalamu chini. "Binti, umekuja kusomea udaktari au uganga?"

Wakacheka. Si kwa ubaya, Baba. Walicheka kama watu waliochoka. Kisha wakaona sicheki, wakaandika.

Mtihani wa marudio ni tarehe kumi na nane Aprili. Nikianguka tena ninafukuzwa, narudi Iwo kukushikia funeli ya mashine. Na nitaanguka, kwa sababu siwezi kulitamka jibu hilo nikiwa na mkono huu.

Wewe hujui ninavyoishi. Tangu utoto nikilala nasikia pumzi nyingine ndani ya pumzi yangu, inachelewa kidogo, kama mstari ule wa damu. Nikimuuliza Mama ananiambia ni Durorike, lala. Nikiumwa homa mnanifunga njuga miguuni, wenzangu wakimbie mlio. Nikifurahi ndio naogopa zaidi, maana Bibi alisema wenzangu watakuja kunichukua siku ya furaha yangu kubwa. Siku niliyopata nafasi ya chuo hiki, nyinyi mlichinja mbuzi. Mimi nilifunga mguu wangu kwenye kitanda kwa kitambaa cha kichwa, wakija wasiweze kunibeba.

Kama nimezaliwa hivi, basi ninachosomea ni uongo, sina kazi hapa. Kama sikuzaliwa hivi, nani aliyenikata?

Malomo


Iwo, 12 Machi 1994

Malomo,

Inuka.

Sasa sikiliza, nikuambie jambo ambalo tulilificha kwa aibu. Ulikuwa unatambaa. Mlango wa duka la babu yako ulikuwa wa chuma, upepo ukaubamiza, kidole kikabanwa. Tukamwogopa Bibi, tukasema umezaliwa hivyo. Ni hivyo tu, hakuna uchawi.

Waambie hao maprofesa ni mlango, ujibu maswali yao, upite.

Baba yako,
Adigun


Ibadan, 15 Machi 1994

Baba,

Maisha yangu yote Mama amekuwa akinisimulia siku yangu ya arobaini, jinsi kitambaa cheusi kilivyofunguliwa mkononi mwangu mbele ya ukoo mzima, na wanawake wakapiga kelele walipoona alama.

Mtoto wa siku arobaini hatambai.

Malomo


Iwo, 9 Aprili 1994

Malomo,

Leo usipige magoti. Mimi ndiye niliyelala kifudifudi, kama mwanamume wa kwetu anavyomsalimu mkubwa wake. Karatasi iko sakafuni na ninaandika hivi hivi, ndiyo maana mwandiko umepinda. Mama yako akiingia atadhani nimeanguka.

Bashiru ameniuliza kila safari kama nina barua ya Ibadan. Namwambia bado. Mara ya mwisho akanitania, "Mzee, umemkosea mtoto nini?" Nikageuka nikajifanya nawasha mashine.

Profesa hakukosea.

Ukoo wetu ni wa kisu, hilo unalijua. Nyuso zilizochanjwa hapa Iwo, nyingi ni mkono wa babu yako, na wavulana aliwatahiri yeye. Mimi nikafuata. Watu walikuwa wakinisifu, wanasema kisu cha Adigun mtoto anakilia kikishaondoka. Nilikuwa napenda kusikia hivyo.

Durorike alipokufa, babu yako macho yalikuwa yamekwisha. Kwetu mzazi hamziki mwanawe, lakini Bibi akasema kisu hakina mzazi. "Huyu ni wa tatu. Mkate, tumchoshe, asirudi kutucheka." Wakanipa mtoto, wakanipa kisu, wakaniacha nyuma ya nyumba kwenye migomba. Nikimaliza niite.

Sikumkata.

Nilikaa naye pale. Vidole vyake vilikuwa bado vimevimba. Nilikishika kile kidogo, nikaweka kisu, nikaondoa kisu. Nikaweka tena. Mwisho nikamfunga sanda vizuri, mikono ndani, nikakunja suruali, nikajichanja mwenyewe chini ya goti ili kisu kipate damu. Nikaita, "Tayari." Bibi akaja, akakitazama kisu, akanipiga bega. "Kweli wewe ni mtoto wa baba yako."

Akazikwa na vidole vyote kumi. Na mji mzima ukajua ana tisa na nusu.

Mama yako akashika mimba yako. Bibi akaanza kusema mbele ya watu, tukila, hajifichi, "Akija na alama, ni yule yule na tumemshinda. Akija mzima, basi mlango wanaopitia ni huyu mwanamke, na atarudi kwao." Mama yako alikuwa anaacha kula. Mimi nilikuwa naendelea.

Tukampeleka kujifungulia shambani kwa shangazi yake, ili wenzako wasijue umeingilia wapi duniani. Ukatoka. Mama yako akaanza kuvuja damu, macho yakageuka, mkunga akanitupia wewe kwenye kitambaa akarudi kuhangaika naye. Nikakupeleka nje kwenye mwanga. Nikahesabu.

Kumi. Mzazi mwingine angeshukuru Mungu.

Nilikuwa na njia nyingine, usidhani sikuiona. Ningemwambia Bibi, "Yule sikumkata." Maneno yenyewe hayafiki pumzi moja. Lakini mwanamume wa kisu aliyeshindwa kukata, na akadanganya kwa damu ya goti lake, angetazamwaje hapa Iwo? Nikajiambia ni kwa ajili ya mama yako, asifukuzwe. Kidogo ilikuwa kweli. Iliyobaki ilikuwa ni kwa ajili ya jina langu.

Kisu nilikuwa nacho, kwa sababu kitovu ni kazi yetu. Nikakukata nilivyofunzwa, upesi. Nikapaka maji ya konokono, ndiyo dawa yetu ya jeraha, nikafunga kitambaa cheusi. Mkunga hakugeuka. Mama yako alipozinduka nikamwambia mganga amekataza mkono usifunguliwe mpaka arobaini. Akaamini. Hata leo anaamini.

Sasa swali ambalo hukuliuliza, najiuliza mwenyewe. Mkono ulioshindwa kumkata maiti, asiyesikia chochote, uliwezaje kumkata aliye hai? Jibu ninalo, na ni baya. Durorike alikuwa ameshaniita Baba. Wewe ulikuwa bado.

Ile ncha niliifukia kwenye kaburi la Durorike, kwenye migomba. Sijui kwa nini. Labda nilitaka deni lionekane limelipwa mahali fulani. Baada ya hapo sikushika kisu tena, nikanunua mashine ya kusagia, watu wakasema Adigun kaokoka. Sikuokoka. Mwanamke akininyooshea bakuli la pilipili nahesabu vidole vyake kwanza. Mashine ikizimwa, mlio wake unavyokufa, pale mwishoni kabisa, ni mtoto. Wateja hawasikii. Nimeshawauliza.

Lakini kisu si ndicho kizito, Malomo. Kisu kilikuwa kitu cha kufumba na kufumbua. Ulipoumwa, mama yako akikufunga njuga, nilikuwa nasimama mlangoni nikijua hakuna anayekuja kukuchukua. Mimi peke yangu duniani nilijua. Nikakuacha uogope. Ule mguu ulioufunga kitandani, ni mimi niliyeufunga.

Nenda kajibu swali lao. Ukitaka kuniita kwa jina langu tupu kuanzia leo, nitaitika.

Adigun


Ibadan, 20 Aprili 1994

Baba,

Nimefaulu.

Profesa Iyamu aliuliza mengine kwanza, ini, sukari, vimeng'enya. Nikadhani amenihurumia. Kisha akaniangalia. "Na yule mkulima wetu mwenye panga?"

Nikautoa mkono chini ya paja, nikauweka juu ya meza. Sijawahi kuuweka juu ya meza yoyote, hata ya kula. Nikasema, "Vidole kumi, Profesa. Panga halifiki huko."

Yule mzee mgeni akautazama. "Na huo?"

"Huu alinikata baba yangu."

Hakuna aliyecheka. Profesa akafunga faili, akaniambia, "Nenda, binti," kwa sauti ndogo.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za maabara. Nkechi alinikuta pale. "Nani amekufa?"

"Dada yangu."

"Pole! Lini?"

"Kabla sijazaliwa."

Akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Lakini ndivyo ilivyo, Baba. Mpaka siku ile Durorike alikuwa hajafa, alikuwa ni mimi. Nilikuwa namchukia, namwogopa, lakini alikuwepo. Sasa pumzi ile ya pili haipo. Nilidhani nitafurahi. Nimelala usingizi ambao sijawahi kuulala, na nimeamka peke yangu. Nimefiwa, na hakuna hata mtu wa kunipa pole, maana nyinyi mlimaliza kilio chenu zamani.

Mwambie Mama, kabla sijafika. Umwambie wewe, sio mimi. Kisha mkapime damu, wote wawili, mjue watoto wenu waliuawa na nini.

Sijui kama nimekusamehe. Nimeona umesema umelala chini. Sijakuambia uinuke.

Jambo moja nataka. Hakuna aliyewahi kunisimulia Durorike. Ungemsimuliaje mtu habari zake mwenyewe? Niambie. Alivyokufa najua. Niambie alivyokuwa.

Malomo


Iwo, 1 Mei 1994

Malomo,

Bado niko chini.

Mama yako nimemwambia. Jioni akaniletea chakula kama kawaida, nikafunua sahani, nikakuta njuga zako. Sasa analala chumba cha Bibi.

Bibi nilimwambia kwa sauti, maana masikio yamepungua. Akasema, "Mwongo wewe. Kisu nilikiona kwa macho yangu." Nikakunja suruali nikamwonyesha kovu chini ya goti. Akaligusa kwa kidole, muda mrefu. Ameacha kukuita mtoro. Tangu siku hiyo hajakuita chochote, anasema tu "yule," na akisema anatazama kwenye migomba.

Tulikwenda kupima, mama yako kiti cha mbele cha gari, mimi cha nyuma. Ni kama ulivyosema. Damu yangu nusu inaburuta mguu, na yake nusu. Kijana wa maabara akashangaa, "Mmeoana miaka yote hii hamkuambiwa?" Mama yako akamjibu, "Nani angetuambia? Kisu?" Ndiyo mara ya kwanza kumsikia sauti tangu siku ya njuga.

Durorike, basi.

Alikuwa mchokozi. Kuku jike yeyote, Durorike alimwita Bibi. Bibi mwenyewe akikasirika, alimwita kuku. Alipenda kula udongo wa ukutani mvua ikishanyesha, ukimkamata anafungua mdomo kukuonyesha hamna kitu, na ulimi mwekundu. Nyimbo hakuziweza, alikuwa anapiga kelele moja ndefu mpaka wimbo wetu uishe. Alikuwa na makalio makubwa kama yako ulipokuwa mdogo. Hamkufanana sura. Nilikuwa nasema mnafanana, kwa sababu ilibidi.

Vidole vikimvimba hakumtaka mama yako, alinitaka mimi. Alikuwa anakuja kuweka mikono yote miwili kwenye mapaja yangu, nimpulizie. Kimoja kimoja. Hakukubali nipulize vyote kwa pamoja. Kuna siku nilikuwa nimechoka na kazi, nasinzia, naruka kimoja ili nimalize nikalale. Hakulia. Alikuwa anakitoa kile kilichorukwa, kile kidogo cha kushoto, anakisimamisha mbele ya pua yangu na kusubiri.

"Baba," ananiambia, "hiki bado."

Adigun